Udongo Aliokunywa Susu

Siku tuliyomzika Susu, mama yake mama yangu, kaburi lilikuwa limechimbwa kwenda chini mpaka likaanza kutoa udongo wa manjano. Vijana walikuwa wameurundika juu ya ule mwekundu. Watu wakiimba, Aunti Syombua aliinama, akauchota kidogo, akausugua kati ya vidole, akaunusa, kisha akaufunga kwenye leso na kuitia mkobani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wanawake wawili wa kanisa. Mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Nimelelewa Kanyangi, najua kiwiko cha namna hiyo kinasema nini.

Tena niseme wazi, mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku. Muuza mboga akinijazia kikapu bila kuombwa, najua mboga ni za jana. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, naanza kujiuliza anataka nini. Mume wangu husema ningefaa polisi. Lakini hakuna anayezaliwa hivyo. Nilifundishwa, na aliyenifundisha ndiye huyo tuliyekuwa tukimfukia.

Mama yangu alikuwa na biashara ya nafaka kule Kasikeu, upande wa Makueni, na alikuja nyumbani mara moja moja, kwa hiyo mimi nilikaa na Susu. Susu alikuwa ameokoka. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na sala yake ya kubariki chakula ilikuwa ndefu hata uji ukaganda. Lakini kuokoka ni kuokoka, na kujichunga ni kujichunga. Alinifundisha kwamba nywele zinazobaki kwenye kitana huchomwa, na kucha hutupwa chooni. Kila alfajiri, kabla jirani yeyote hajapita, alinipa ufagio nikafagia uwanja mzima, nikafuta nyayo zetu zote za jana. Mchawi, alisema, hawezi kukufanya kitu bila kitu chako. Na kitu kibaya kuliko vyote ni udongo ulioukanyaga, kwa sababu huo unaweza kuibwa nawe hujui kama umeibiwa.

Basi nikiwa na umri wa kutoka meno ya mbele, Aunti Syombua, kitinda mimba wa Susu, akaja nyumbani likizo ndefu. Alikuwa chuoni Nairobi. Soko zima lilijua kwamba anasoma, ila alichosomea ndicho kilichokuwa shida. Susu alisema, "Anasomea kuchora," na watu wakangoja amalizie. Kuchora na nini? Kuchora halafu? Alipoona wanangoja, Susu alizoea kuongeza, "na mambo mengine," ndipo wakaridhika.

Nilipewa kulala naye kitanda kimoja, kwa hiyo hakuna aliyemjua kuliko mimi. Aliamka jua likiwa tayari limeingia ndani. Alikunywa chai ya rangi, bila maziwa, tena nyumba ikiwa na mbuzi wanaokamuliwa. Alitia waya za simu masikioni, akaimba kwa sauti bila sisi kusikia muziki wenyewe, ila sauti yake peke yake ikipotea huku na huku. Alivaa suruali. Alikaa juu ya jerikani lililolazwa, akamkazia mbuzi mmoja macho mpaka mbuzi mwenyewe akageuka akaondoka, kisha akamchora kwa kaa la moto lililozimwa. Jioni alicheza na sisi watoto kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na akikulenga na ule mpira wa matambara ulikoma. Baadaye alienda sokoni kuchaji simu, akakaa kwenye baraza la duka akiangalia watu. Hakuwa akiangalia kama tunavyoangaliana sisi. Alimwangalia mtu kama anayetaka kumnunua.

Hayo yote ningemsamehe. Alikuwa mcheshi, alinisuka vizuri, na harufu yake ilikuwa ya sabuni ya Nairobi. Shida ilianza na makopo.

Leo najua yalikuwa ya nini. Mwalimu wake alikuwa amewaagiza wanafunzi warudi na picha za nyuso za watu wa kwao, zilizochorwa kwa vitu vya kwao tu, bila rangi yoyote ya dukani. Bila picha hizo asingemaliza mwaka. Angekaa chini akatueleza hivyo, labda tungeelewa. Lakini Aunti alikuwa na kiburi kidogo cha chuo, na ukimuuliza alikujibu kwa mkato.

"Aunti, huo mchanga ni wa nini?"

"Wa shule."

"Shule gani inataka mchanga?"

"Shule yangu. Na wewe, unauliza maswali kama askari wa geti."

Alikuwa na makopo ya mafuta ya kupikia, mengi, yamepangwa chini ya kitanda tulicholalia. Kila siku, saa sita mchana, saa ambayo hata mbuzi wako kivulini na njiani hupita kichaa tu, alitoka na kijiko na mfuko. Saa hiyo hakuna wa kumsumbua, ndiyo sababu aliichagua. Mimi nilijua sababu nyingine: hakuna wa kumwona. Alirudi na udongo mwekundu wa kichuguu. Akarudi na mweupe wa kingo za mto mkavu, na mweusi wa shambani, na majivu ya jikoni kwa watu. Aliuponda kwa jiwe, akauchekecha kwa kitambaa cha soksi, akautia koponi na kufunika. Nami nilikuwa nimelala juu ya vitu hivyo, nikisikiliza.

Halafu zikaja nywele. Nilimwona akimshika beberu sikio, akimkata nywele za ndani kwa makasi ya kucha, akizifunga kwenye kijiti kwa uzi. Siku ya pili alinijia mimi.

"Hebu nipatie kakidogo hapa nyuma ya shingo. Hata haitaonekana. Zako ni laini kuliko za mbuzi."

Nilikimbia mpaka shamba la pojo, nikakaa huko mpaka niliposikia Susu akiniita kula. Sikusema kitu. Mtoto akishaona jambo kubwa hivyo, mdomo hujifunga wenyewe. Nilianza tu kujihesabia vitu: udongo, nywele. Nikajua bado yai, kwa sababu katika hadithi zote nilizowahi kusikia huwa kuna yai.

Na yai likaja. Susu alikuwa amelalamika siku nyingi kwamba nguchiro anamwibia mayai. Mchana mmoja nilichungulia kwenye ufa wa mlango, nikamwona nguchiro mwenyewe amekaa kitandani kwa suruali. Alivunja yai, akamwaga ute wote, akabaki na kiini kizima mkononi. Akakihamisha kutoka kiganja hiki hadi kile, akijifuta mkono kila mara, taratibu, mpaka kikakauka kama kitu chenye ngozi. Kisha akakishika ile ngozi kwa vidole viwili, akakining'iniza juu ya kikombe, akakichoma kwa mwiba. Kikalia matone. Alipomaliza aliitupa ngozi, akachukua udongo wa kopo moja, akauchanganya humo. Nilihisi mkojo unanitoka.

Nilingoja aende sokoni, nikaingia chini ya kitanda. Nyuma ya makopo kulikuwa na vipande vya mbao za dari vimeegemezwa ukutani, vimegeuzwa. Nilivuta kimoja. Alikuwa Susu. Kilemba chake, mikunjo yake ya mdomo, lile kovu dogo la kidevuni, rangi yake hasa ya ngozi, imetolewa kwenye udongo. Ila macho hayakuwepo. Palipostahili kuwa macho palikuwa mbao tupu.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ni kumchunga Susu asife. Nilimfuata hadi chooni. Akikohoa, nami nakohoa kwa hofu. Usiku, Aunti akipumua kando yangu kwa usingizi wa mtu asiye na hatia, mimi nilikuwa nikijiuliza kwa nini mtu amfanyie hivyo mama aliyemzaa. Nilipata jibu pia. Nyumba ilikuwa ya matofali, na kitinda mimba ndiye angerithi.

Jirani yetu aliitwa Mama Mutheu, na mtoto wake Mutheu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mvua ya zamani ilikuwa imekata mfereji karibu na lango lao, na ndani ya mfereji palikuwa na udongo wa zambarau, rangi ambayo huipati kokote kule kwetu. Aunti aliuona. Saa sita, kama kawaida yake, akapiga magoti langoni kwa watu akachota kwa kijiko, mahali ambapo asubuhi hiyo mtoto alikuwa amepiga hatua zake. Mama Mutheu alikuwa jikoni. Alimwona mwanzo hadi mwisho, na hakutoka.

Baada ya siku chache mtoto akashikwa na homa. Alihema haraka haraka, mbavu zikiingia ndani. Baba yake na dada wa huyo baba walimpakia kwenye pikipiki wakampeleka hospitali. Mama Mutheu mwenyewe hakwenda. Alikuja kwetu.

Alikuja na akina mama wa kanisa, wale wale waliokuwa chini ya Susu. Ilikuwa mchana, mwangaza mwingi, kila mtu na kitabu cha nyimbo mkononi. Walikaa uwanjani. Hakuna aliyekubali kiti isipokuwa mzee wa kanisa aliyekuja nao, na hata maji ya kunywa waliyakataa, na kwetu ukikataa maji umeshasema kila kitu. Nilijua kinachoweza kufuata mazungumzo ya namna hiyo. Kijiji cha ng'ambo walikuwa wamechoma nyumba ya mtu kwa neno kama hilo, na yeye hakuwa amekutwa hata na kijiko. Aunti Syombua alikuwa na makopo chini ya kitanda.

"Mwite binti yako," mzee wao akamwambia Susu.

Aunti alitoka. Nadhani mpaka hapo hakuelewa, kwa sababu walipomuuliza anachota nini langoni kwa watu, aliingia ndani akayaleta makopo yenyewe, akayapanga mbele yao, akayafunua, na uso wake ulikuwa wa furaha, kama mtu ambaye hatimaye ameulizwa.

"Ni rangi," alisema.

"Rangi ya kupaka nini?"

"Ya kuchora nyuso."

"Nyuso za nani?"

Hapo ndipo alipoona watu walivyokaa. Sauti ikashuka. "Zenu," akasema.

Mama mmoja alivuta leso akajifunika kichwa chote. Mama Mutheu akaanza kulia. "Alichota alipokanyaga mtoto wangu. Mimi nilimwona. Saa sita. Nilimwona kwa macho haya."

"Mama Mutheu, haki ya Mungu, ni rangi ya udongo tu. Mimi sikujua hata kama mtoto amepita hapo."

"Umeshawachora watu wangapi?" mwingine akauliza. "Ulituomba?"

Hakuwa ametuomba.

Yule mzee wao alikohoa. Akasema sisi tumeokoka, mambo ya kithitu hatushiki. Kithitu ndicho kiapo cha zamani cha Wakamba: ukiapa kwa uongo unakufa, pengine na nyumba yako yote, na watu hukaa wakikungoja. Akarudia kwamba hatushiki. Lakini, akasema, kama huu ni udongo tu, basi udongo hauui mtu. Tuweke Biblia hapa kwenye meza. Binti achote kidogo kidogo kila kopo, atie maji, anywe. Akishakunywa tutaimba, twende nyumbani.

Mpaka leo sijaona kiapo cha kale kilichovalishwa nguo za kanisa vizuri hivyo. Akina mama wakasema amina.

Aunti alicheka. Lilikuwa kosa kubwa. Kisha hasira zikampanda. "Ninywe udongo? Wa njiani? Mbuzi wamepita hapo, mbwa wamepita hapo. Nitaharisha mpaka nife. Mnasikia mnachosema?"

Nitaharisha mpaka nife. Neno hilo kila mtu alilisikia kwa namna yake. Niliwaona wakitazamana. Alikuwa amesema mwenyewe kwamba akinywa atakufa.

Tangu mwanzo Susu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akiyaangalia yale makopo, moja moja. Sasa aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kikombe chake cha bati cha chai. Alichota mwekundu. Akachota mweupe, mweusi, majivu. Alipofika kwenye ule wa zambarau alijaza kijiko. Akatia maji ya mtungi, akakoroga. Hakuweka mkono juu ya Biblia. Aunti alimrukia amshike mkono, Susu akamsukuma kwa kiwiko, akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, akatikisa yaliyobaki chini, akayanywa na hayo pia. Akajifuta mdomo kwa kanga.

"Huyu ni mimi niliyemzaa," alisema. "Kama kuna kitu hapa, kishapata njia. Sasa, mtakunywa chai?"

Hawakunywa. Walikwenda bila kuimba.

Mimi nililia siku mbili. Nilikuwa nimeona mbao bila macho, sasa nimeona na kikombe, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba Susu wangu ni maiti inayotembea. Ikaanza ile ya kungoja. Hakuna aliyetangaza, lakini kila mtu alijua ni mpaka mvua ije. Watu walianza kutusalimia mno. Waliokuwa na kuku wao walikuja kununua mayai kwetu, wakanunua moja, wakasimama wakimwangalia Susu macho, ulimi, miguu. Kanisani akina mama walimwachia benchi zima peke yake. Tumbo lilimsumbua mwanzoni, akatembea hadi chooni akiwa wima kabisa, akijua njia nzima inamwangalia.

Nilimwendea Aunti.

"Mbona Susu hana macho?"

"Ulichungulia, eh? Macho huchorwa mwisho."

"Yachore."

"Bado."

"Aunti, tafadhali, yachore leo."

Alidhani nimependa picha. Alinikalisha kando yake, akachukua ile brashi ya nywele za beberu, akamtia Susu macho, la kwanza halafu la pili. Yalipofunguka yote mawili nilimkumbatia. Alisema sasa mimi ndiye mwalimu wake. Nilikwenda moja kwa moja kumwangalia Susu, nikamkuta akipepeta mtama.

Mutheu alirudi kutoka hospitali, mzima, na alama ya sindano mkononi. Mvua ilikuja. Susu alipanda pojo na kunde, na mahindi kidogo kwa ajili ya watoto, mgongo umeinama, akiimba. Watu wakaja kusalimia kwa namna ya kawaida. Mama Mutheu alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba kamba za adui zimekatika. Akapigiwa makofi. Kwamba Aunti Syombua hakuwa na kosa, hakuna aliyesema, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Walisema tu kwamba mama yake alikuwa na nguvu kuliko yeye.

Alirudi chuoni na mbao zake zimefungwa kwenye blanketi. Alimaliza. Sasa ni mwalimu wa sanaa huko Makueni, na nyumbani huja kwa nadra na kuondoka mapema. Wanafunzi wake wote wanaijua hadithi hii, kwa sababu huwasimulia kila mwaka. Huisema hivi: mama yangu hakwenda shule, hakujua sanaa ni nini, lakini aliniamini hata akanywa rangi zangu mbele ya watu.

Nami niliiamini hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja, Susu akiwa mzee, macho yamefifia, tumekaa tukimenya mbaazi. Nilimuuliza kwa kupiga gumzo tu.

"Susu, siku ile ulijuaje kwamba ni rangi?"

"Nani alikwambia nilijua?"

Nilidhani ananitania. Aliendelea kumenya.

"Mtu anachota udongo saa sita kwa mlango wa watu. Anaiba mayai yangu, ati mimi sijui nguchiro wa miguu miwili. Anakata mbuzi nywele. Sura yangu iko chini ya kitanda bila macho. Ulidhani ni wewe peke yako ulichungulia? Mimi nilichungulia kabla yako. Nilijua ni yeye. Nilishamlilia yule mtoto wa Mama Mutheu kabla hawajaja."

"Na bado ukanywa?"

"Si walitaka anywe yeye?" Alisema polepole, kama anayeeleza mtoto mdogo. "Mwenye dawa akinywa dawa yake, inammaliza hapo hapo. Hata kama ni mchawi, ni kitinda mimba wangu. Nikaona, heri initafute mimi."

Mbaazi zilikuwa zimenimwagika mapajani. Nilimuuliza aliacha lini kumshuku.

"Mvua iliponyesha, nikajikuta niko shambani. Hapo nikajua nilimkosea. Tangu hapo namwonea haya. Akisema ati nilimwamini, natafuta kitu cha kuangalia."

Niliuliza kama naweza kumwambia. Vidole vyake vilipapasa ganda lililokuwa tupu.

"Mwambie nikishakwenda," akasema. "Lakini uanze na kikombe. Umwambie vile nilikunywa, mpaka mwisho, aone. Hii ya kushuku iweke nyuma kabisa."